Salfa ya Bahari, Salfa ya Bomba la Moshi

Kwetu Mtwara mtoto huijua salfa kabla hajaanza shule. Ni ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho isiliwe na ubwiriunga. Inakuja kwa mifuko, inachelewa, inapanda bei, watu wananung'unika, na upepo ukigeuka inakuingia machoni. Nimekua nikiisikia harufu yake kwenye shati la babu. Kwa hiyo nilipopata kazi ya ufundi sanifu wa maabara kwenye meli ya utafiti, nikaambiwa kazi yangu itakuwa kupima salfa, nilijiona nimepewa kitu cha nyumbani. Kumbe salfa yenyewe ilikuwa gesi, inatoka baharini, na kiasi chake ni hiki: chota lita milioni moja za maji ya juu ya bahari ya kawaida, kisha utoe gesi yote iliyomo, utapata kama sehemu moja ya kumi ya gramu.

Gesi hiyo ni dimethili salfaidi. Melini kila mtu aliiita DMS, nami nitaiita hivyo. Ikiwa nyingi inanuka kabichi iliyochemshwa ikasahaulika jikoni. Ikiwa kidogo sana, pua haisemi tena kabichi, inasema pwani. Wanawake wa kwetu wanaokwenda pweza wakati wa bamvua wameinusa maisha yao yote. Maji yakishakupwa, matumbawe yakabaki juani, yanatoa ute, na pamoja na ute huo DMS inatoka kwa mkupuo. Isichanganywe na ile harufu ya mayai viza inayopanda ukikanyaga tope la mikoko. Ile ni haidrojeni salfaidi, nayo ina salfa, lakini kwa habari ya mawingu ya bahari kuu haina uzito huo.

Zamani wataalamu walidhani ndiyo yenyewe. Hesabu za salfa duniani zilikuwa hazifungi: mito inapeleka salfa baharini kila siku, na lazima iwepo njia ya kuirudisha nchi kavu kupitia hewani. Ikasemwa ni haidrojeni salfaidi. Mwaka 1971 James Lovelock, Mwingereza aliyependa kufanya kazi bila kufungwa na ofisi, alipanda meli iitwayo Shackleton kutoka Uingereza kuelekea kusini hadi upande wa Antaktika, akipima hewa na maji njiani kwa vyombo alivyovitengeneza mwenyewe. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walichapisha kwamba DMS imo baharini kote walikopita. Siku hizi makadirio yanayotumika zaidi yanasema bahari zote za dunia hutoa kwa njia hii kama tani milioni 28 za salfa kwa mwaka.

Kiasi kidogo kwa lita, kikubwa kwa dunia. Hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipokaa, na ndiyo sababu nitaeleza kwa kirefu kidogo tulivyokuwa tunaipima, maana watu wanaosoma grafu za hali ya hewa mara nyingi hawajui kila nukta imeshikwa na nani na kwa mikono gani.

Maji ya kupima DMS hayamiminwi. Hilo ndilo la kwanza. Zile chupa ndefu zinazoshushwa kwa kebo zikirudi juu ya deki, watu wanapanga foleni kwa adabu: wa gesi mbele, wa chumvi nyuma kabisa, kwa sababu chumvi haina pa kukimbilia. Unachomeka mpira mwembamba kwenye bomba la chupa kubwa, ncha nyingine unaifikisha chini kabisa ya chupa yako ya kioo, unaacha maji yapande polepole hadi yafurike na kuendelea kufurika, halafu unafunga bila kubakiza hata kipovu. Kipovu kimoja kikibaki, gesi inahamia humo, na wewe unabaki kupima maji yaliyoibiwa. Kisha unakwenda maabara bila kusimama kupiga soga, maana bakteria walio ndani ya chupa hawajaacha kula.

Kuchuja ni kazi ya subira zaidi. DMS haitengenezwi moja kwa moja. Mimea midogo ya bahari, ile isiyoonekana kwa macho, inatengeneza kwanza kitu kiitwacho DMSP na kukiweka ndani ya seli. Kinaisaidia kuhimili chumvi, na inaelekea pia kinaipunguzia madhara ya jua kali. Seli ikifa, ikiliwa, au ikipasuliwa na virusi, DMSP inamwagika, na vimeng'enya vya mimea yenyewe na vya bakteria vinaikata kuwa DMS. Ukitaka kujua ni kiasi gani kimo ndani ya seli na kiasi gani kimeshamwagika, lazima uchuje bila kuzipasua. Pampu hairuhusiwi. Unaweka maji kidogo juu ya kichujio na kuyaacha yadondoke yenyewe, tone, tone, huku meli inayumba na wenzako wameshaenda kula. Ukivuta kwa nguvu, seli zinapasuka, na utaandika kwenye daftari kile ulichokipasua mwenyewe.

Baada ya hapo ni mashine. Tunapitisha heliamu ndani ya maji, inabeba gesi yote iliyomo, inapita kwenye kikaushio, inaingia kwenye kizingo cha mrija kilichozamishwa katika nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. DMS inaganda humo. Halafu unaondoa ile chupa ya nitrojeni, unaweka kopo la maji yanayochemka, na gesi inaruka yote kwa pamoja kuingia kwenye kromatografu, mashine inayozitenganisha gesi. Mwisho wa njia kuna mwale mdogo wa haidrojeni. Salfa ikipita pale inatoa mwanga wa buluu, na mashine inauhesabu mwanga huo. Tabia yake moja iliwasumbua wanafunzi wote waliokuja: salfa ikizidi mara mbili, mwanga unazidi mara nne. Asiyejua hilo anaona bahari imechafuka kumbe imeongeza kidogo tu.

Nilichojifunza mapema, na kilichonishangaza kuliko vyote, ni kwamba rangi ya maji haikuambii DMS. Wakati wa kusi, pwani ya Somalia upepo unasukuma maji ya juu kuelekea mashariki, na maji baridi yenye rutuba yanapanda kutoka chini. Bahari inakuwa ya kijani, samaki wanajaa, na mgeni anatarajia mashine ijae vilevile. Lakini kijani hicho kwa sehemu kubwa ni daiatomu, jamii moja ya mimea hiyo midogo, na daiatomu kwa kawaida ni wachoyo wa DMSP. Wenye nayo nyingi ni jamii nyingine, kama vile wale wadogo wenye magamba ya chokaa wanaoitwa kokolithofora, na dinoflajelata. Kwenye maji ya buluu, yale yanayoonekana matupu, seli ni chache lakini kila moja imebeba mzigo wake, na jua likizidi DMS inaweza kupanda hata kama mimea yenyewe imepungua. Wataalamu wana jina la hali hiyo, kitendawili cha kiangazi, kwa kuwa katika bahari nyingi za joto la wastani kilele cha DMS kinakuja wakati wa jua kali, si wakati wa kijani. Anayechukua picha ya setilaiti ya kijani cha bahari akaizidisha kwa namba moja apate DMS, mimi simwamini.

Na sehemu kubwa ya DMS haifiki hewani kabisa. Bakteria wanaila, jua linaiharibu ndani ya maji, na kinachobaki, ambacho mara nyingi ni kama sehemu moja ya kumi au chini ya hapo, ndicho kinachopenya juu. Upepo ndio unaoamua kasi. Siku ya shwari gesi inakaa majini ikisubiri kuliwa. Kusi likichachamaa inatoka.

Fundi mkuu wa injini alikuwa mzee wa Mombasa aliyefanya kazi miaka mingi kwenye meli za makontena kabla ya kuja kupumzika, kama alivyosema, kwenye meli ya wasomi. Kila asubuhi alipita mlangoni kwangu na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umeipata salfa yako leo?"

"Nimeipata, kidogo."

"Wewe unaitafuta kwa tochi. Mimi nilikotoka ilikuwa inatutoboa mabomba."

Hakuwa anatania. Mafuta mazito ya meli, yale yanayopashwa moto kwanza ndipo yakubali kupita kwenye mrija, yaliruhusiwa kuwa na salfa hadi asilimia 3.5. Ikiungua na kukutana na unyevu inakuwa asidi, na asidi hiyo inakula chuma. Siku moja tulikaa mezani tukapiga hesabu pamoja nyuma ya karatasi ya ratiba. Ukigawanya zile tani milioni 28 kwa eneo la bahari zote, kilomita moja ya mraba inatoa kwa wastani kama kilo 78 za salfa kwa mwaka mzima. Tani moja ya mafuta mazito ya asilimia 3.5 ina kilo 35. Kwa hiyo tani mbili na kidogo za mafuta zinalingana na kilomita nzima ya mraba ya bahari kwa mwaka. Meli kubwa ya makontena ikienda mwendo wa kasi huweza kuchoma zaidi ya tani 100 kwa siku. Mzee aliitazama ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Moshi wa meli yetu wenyewe, ingawa ilitumia dizeli safi zaidi, ulikuwa adui wa kila siku. Vipimo vya hewa viliwekwa kwenye mlingoti wa mbele, na upepo ulipovuma kutoka tezi mashine ilijizima yenyewe, kwa sababu ingepumua bomba letu. Mara kwa mara tulimwomba nahodha aelekeze omo kwenye upepo. Manahodha hawapendi maombi hayo, yanaongeza safari. Wetu alikuwa mwema, alikubali na kulalamika kwa pamoja.

Hewani mambo yanakwenda haraka. DMS haiishi zaidi ya siku moja au mbili. Mchana jua linapopiga, ozoni na mvuke wa maji vinatengeneza hidroksili, chembe yenye njaa kuliko zote hewani, na hiyo ndiyo inayoila. Katika hewa safi ya mbali na nchi kavu utaona kwenye karatasi mwendo ule ule kila siku: DMS inajikusanya usiku, inafika kilele karibu na alfajiri, inashuka hadi alasiri. Nilipenda zamu ya alfajiri kwa sababu hiyo. Ikishaliwa inachukua njia zaidi ya moja. Penye joto, kama kwetu, nyingi inaelekea kuwa salfa dioksaidi. Penye baridi sehemu kubwa zaidi inaishia kuwa asidi iitwayo methanisalfoniki, ambayo karibu yote iliyopo duniani imetokana na DMS. Ndiyo maana wachimbaji wa barafu ya Antaktika wanaitafuta kwenye matabaka ya zamani: ukiikuta, unajua hewa ya bahari ilipita hapo.

Salfa dioksaidi nayo inageuka kuwa asidi salfuriki, na asidi hiyo inashikamana na kuwa chembe ndogo mno au inakaa juu ya chembe nyingine. Mvuke wa maji hauwezi kuwa tone la wingu bila kitu cha kushikilia, na chembe hizo ndizo zinazoshikiliwa. Chembe zikiwa nyingi, maji yale yale yanagawanyika kuwa matone mengi madogo badala ya machache makubwa, na wingu linakuwa jeupe zaidi, kama chumvi ya mawe ikishasagwa. Wingu jeupe zaidi linarudisha jua zaidi angani. Mawingu ya chini juu ya bahari ndiyo yanayohusika hasa, kwa kuwa chini yake kuna maji meusi yanayomeza mwanga karibu wote.

Kutokana na mnyororo huo, mwaka 1987 watu wanne, Robert Charlson, Lovelock, Meinrat Andreae na Stephen Warren, walitoa wazo ambalo mpaka leo linaitwa CLAW kwa herufi za kwanza za majina yao. Walisema huenda bahari inajipoza: jua na joto vikizidi, mimea inatoa DMS zaidi, mawingu yanakuwa meupe zaidi, joto linapungua. Wazo tamu. Kituo cha Cape Grim kule Tasmania, kilichoanza kazi mwaka 1976 na ambacho, upepo ukitoka kusini-magharibi, hupokea hewa iliyopita juu ya Bahari ya Kusini tu, kilionyesha kwamba DMS, ile asidi methanisalfoniki na chembe za kushikia mawingu vyote vinapanda wakati wa kiangazi cha kule na kushuka wakati wa baridi. Wengi waliona kesi imekwisha.

Haikwisha. Mwaka 2011 Patricia Quinn na Timothy Bates walikusanya ushahidi wa zaidi ya miaka 20 na kusema mzunguko huo wa kujipoza hauonekani kufanya kazi kama ulivyoelezwa. Kuna chumvi inayorushwa na mawimbi, kuna mabaki ya viumbe yanayopanda na vipovu, kuna chembe zinazoshuka kutoka juu; na kila pingili ya mnyororo ina mwitikio mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Karibu na uso wa bahari asidi salfuriki mara nyingi inaishia kukaa juu ya chumvi iliyopo tayari badala ya kutengeneza chembe mpya. Chembe mpya huzaliwa zaidi juu, pale mawingu makubwa ya mvua ya tropiki yanapoinua hewa ya bahari kilomita nyingi, kisha zinashuka mbali na zilikotoka. Kwa maneno mengine, DMS ya Zanzibar si lazima iweke wingu juu ya Zanzibar.

Mimi sikuwa na wa kumshabikia katika ugomvi huo, ila nakumbuka mabishano ya mezani, wasomi wazima wakipandishiana sauti kuhusu pingili moja ya mnyororo wakati supu inapoa. Upande wangu, baada ya kuona jinsi upepo, bakteria na aina ya mimea vinavyoiyumbisha namba moja katika siku moja, sikuona inawezekanaje kitu hicho kiwe kirekebishi chenye adabu. Lakini kwamba kinapoza, hilo halina ubishi. Swali ni kama kinapoza kwa kujibu joto, au kinapoza tu.

Kuna kundi moja lisilongoja wasomi wakubaliane. Mwaka 1995 Gabrielle Nevitt na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya ndege wa bahari kuu, jamii ya petreli, wanaifuata harufu ya DMS kutafuta chakula, kwa sababu penye viumbe wadogo kama uduvi wanaokula mimea midogo ndipo gesi inapomwagika. Petreli wadogo weusi wenye kiuno cheupe wanaotoka Antaktika hufika hadi Bahari ya Uarabuni wakati wa kusi. Walikuwa wakitufuata nyuma, wanagusa maji kwa miguu kama wanatembea. Mzee wa injini alisema wananusa jiko letu. Huenda alikuwa sahihi kwa sehemu.

Lililonibadilisha mawazo hasa ni tofauti ya pepo zetu mbili. Mtu wa pwani anajua kusi na kaskazi kwa tanga, kwa samaki, kwa bei ya dagaa. Mashine nayo inazijua. Kusi likivuma, hewa inayotufikia imetoka mbali kusini na kupita maelfu ya kilomita juu ya maji matupu. Salfa utakayoikuta humo sehemu kubwa ni ya bahari. Kaskazi inapoingia, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, hewa inatoka upande wa Bara Hindi na Uarabuni, imebeba moshi wa miji, wa viwanda na wa kuni. Mwaka 1999 mradi mkubwa wa INDOEX, ulioongozwa na Veerabhadran Ramanathan na Paul Crutzen na kuwa na kituo Maldivi, ulikuta ukungu wa kahawia umetanda juu ya Bahari ya Hindi ya kaskazini hadi kwenye ukanda wa mvua wa ikweta. Katika hewa hiyo hata kemia ya usiku inabadilika. Pakiwa na oksidi za nitrojeni kutoka kwenye moshi, usiku hutokea chembe ya naitreti inayoila DMS gizani, kwa hiyo ule mkusanyiko wa alfajiri unapungua. Bahari ni ile ile, gesi ni ile ile, lakini jirani zake wamebadilika na kazi yake imebadilika.

Ndipo nikaelewa kwa nini watu wanalipa meli, heliamu na nitrojeni kwa ajili ya sehemu ya kumi ya gramu. Moshi wa salfa wa binadamu umekuwa ukifunika sehemu ya joto la hewa ukaa. Ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi ya mwaka 2021 inakadiria upozaji huo kuwa kama nyuzi 0.5, na wigo wa shaka ni mpana. Shaka hiyo inatoka wapi? Mwaka 2013 Ken Carslaw na wenzake walichambua hesabu za chembe na mawingu wakakuta asilimia 45 ya tofauti kati ya matokeo inatokana na vyanzo vya asili, DMS ikiwemo pamoja na volkano, wakati vyanzo vya binadamu vilichangia asilimia 34. Maana wingu lililoshiba chembe halibadiliki sana ukiliongezea moshi, na wingu la bahari safi linabadilika upesi. Kujua moshi umefanya nini, lazima ujue mawingu yalikuwaje kabla ya moshi. Na kabla ya moshi, juu ya bahari, salfa ilikuwa ya mimea midogo na ya volkano.

Kisha ulimwengu ukafanya jaribio bila kukusudia. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini liliteremsha kiwango cha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Ilifanywa kwa ajili ya mapafu ya watu wa bandarini na kando ya njia za meli, na ni haki yao. Mtu aliyewahi kukaa karibu na gati wakati meli inapiga moshi hahitaji kushawishiwa. Ile mistari meupe ambayo meli zilikuwa zikiichora kwenye mawingu ya chini, inayoonekana kwa setilaiti, ikapungua sana. Sehemu ya kifuniko ikaondoka na joto kidogo likaongezeka. Ni kiasi gani hasa, bado wanabishana, na nusu ya ubishi ni ule ule: DMS ya chini ya njia hizo za meli ilikuwa inafanya nini wakati wote huo. Wako wanaosema basi turudishe salfa. Mzee wa injini, niliyezungumza naye kwa simu mwaka huo, alisema wangemwona mtu anavuta moshi ule wangenyamaza.

Mwaka huo huo wa 2020 likatokea jingine. Watafiti waliotumia ndege ya NASA kuzunguka juu ya bahari za dunia waliripoti kitu ambacho hakikuwahi kupimwa hewani, kinachoitwa kwa kifupi HPMTF, na kikaonekana kuwa njia kuu ambayo DMS hupitia kabla ya kuwa salfa dioksaidi. Kinayeyuka kwenye matone ya mawingu, kwa hiyo penye mawingu mengi salfa inakatwa njiani kabla haijafika kuwa chembe mpya. Kwa karibu miaka 50 vitabu vilikuwa na ramani ya njia isiyo na barabara hiyo.

Halafu methanithioli. Hii ni gesi nyingine ya salfa inayotokana na DMSP ile ile, na kwa kweli bakteria wanapendelea kuielekeza huko kuliko kwenye DMS. Kwenye karatasi zetu ilikuwa mwinuko mdogo unaotangulia ule wa DMS. Kila maabara niliyoijua iliupita, kwa kuwa gesi hiyo ni ya haraka mno: inashikamana na chuma, inaoza ndani ya chupa, na ukirudia kipimo hupati kile cha kwanza. Mwaka 2024 kikundi cha watafiti kilikusanya vipimo vilivyopo, kikakadiria inayotoka duniani kote, na kikaonyesha kwa modeli kwamba juu ya Bahari ya Kusini inaongeza mzigo wa chembe za salfeti kwa asilimia 30 hadi 70. Pia inakula zile chembe zenye njaa, yaani hidroksili, hivyo DMS inaishi muda mrefu zaidi na kusafiri mbali zaidi.

Vijana wanaofanya kazi hiyo sasa hawachoti tena kwa chupa kila mara. Maji yanaingia kwa mfululizo kutoka chini ya meli, yanapita kwenye utando au kisafishio, na gesi inakwenda moja kwa moja kwenye mashine inayopima uzito wa molekuli, kwa mirija isiyo ya chuma. Vipimo vyetu vya DMS bado vimo kwenye hazina ya data na vinatumika. Vya methanithioli haviwezi kufufuliwa kutoka kwenye karatasi zile; vinapimwa upya, bahari kwa bahari, na Bahari ya Hindi ya magharibi bado ina nafasi nyingi tupu kwenye ramani.